Donati za kuulia viluwiluwi wa mbu nilizoweka kwenye beseni la ndege, miezi minne sasa (Dallas)

Nimezitumia toka mwisho wa mwezi wa nne na sasa hivi tunaingia mwezi wa tisa, kwahiyo hii siyo rivyu ya mtu aliyefungua boksi jana akapiga picha akagawa nyota tano. Nipo Dallas, Texas, nyumba yetu ina ua mdogo wa nyuma, mti mmoja mkubwa wa pikani, beseni la ndege la simenti ambalo wenye nyumba wa zamani waliliacha, na jirani wa kushoto ambaye kiangazi chote huwa hayupo. Nayataja haya mapema maana kama kwako hakufanani na kwangu na matokeo hayatafanana.

Kitu chenyewe ni vile vidonge vikubwa vya duara vyenye tundu katikati kama donati, vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya bustani, pakiti ya 6 nilinunua dola 13 hivi. Rangi ya udongo mkavu, vyepesi mkononi kama kizibo, na vina harufu ya mahindi yaliyokaa ghalani muda mrefu. Wanaovitengeneza ni zaidi ya kampuni moja na sitaji jina la mtu, wewe geuza pakiti usome nyuma, kiungo kiwe Bti, yaani Bacillus thuringiensis israelensis. Ni bakteria. Siyo sumu ya kunyunyiza.

Nilichokuwa natafuta ni kumlinda mama mkwe wangu na mbu. Kaja mwezi wa tatu kutoka Tanga, ana miaka 71 na presha, na kila siku akishaswali magharibi anatoka na mkeka wake anakaa barazani nyuma mpaka isha, simu mkononi anasikiliza voisi za ukoo mzima. Asubuhi anawamwagia ndege ukoko. Shomoro, njiwa, wale weusi wenye mkia mrefu na macho ya njano wanaoitwa greko ambao jioni wanajaa kwenye miti ya paking za supamaketi mpaka husikii mtu anachosema, wote wanamjua. Na maji wanakunywa kwenye lile beseni la simenti. Yaani ndege, maji yaliyotuama na bibi wa miaka 71, vyote ndani ya hatua kumi. Hapo ndo usingizi ukanipotea.

Maana mi nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee na haya mambo nimeyaona. Mwaka juzi mzee wetu mmoja tunayeswali nae msikiti mmoja alianza na homa na kichwa kuuma, wote tukadhani ni mafua tu, siku ya nne akawa anaongea maneno hayaeleweki na mguu wa kulia haunyanyuki, wakampeleka hospitali wakatoa maji ya uti wa mgongo kupima, majibu yakaja virusi vya West Nile, vile mbu anavyovitoa kwa ndege na kutuletea sisi. Alikaa wiki tano. Mpaka leo anatembelea fimbo, na alikuwa mtu wa kupanda ngazi na begi la mchele begani. Hakuna dawa ya kuua hivi virusi ndugu zangu, wala chanjo ya binadamu haipo, farasi ndo wana chanjo. Wanakupa maji, wanakutuliza maumivu, wanakusaidia kupumua kama imefika huko, basi. Ni kweli watu wengi, kama 8 kati ya 10, wanaambukizwa na hawasikii chochote, mmoja kati ya watano anapata homa, na kama mmoja kati ya 150 ndo inamfika kwenye ubongo au mishipa ya fahamu. Ila ukishavuka miaka 60 hatari inapanda, na mimi kwangu huyo wa miaka 71 kakaa kwenye mkeka.

Jina lenyewe limetoka kwetu. Mwaka 1937 mama mmoja mwenye homa wilaya ya West Nile kule Uganda alitolewa damu, watafiti wa Entebbe wakakuta kirusi kipya wakakipa jina la wilaya. Mama mkwe nilipomwambia alinyamaza kidogo akasema, "Kumbe kimetufuata mpaka huku."

Kilifika Marekani 1999, New York. Agosti mwaka ule daktari mmoja wa Queens, Deborah Asnis, aliona wazee wake wawili wana homa ya ubongo na misuli imelegea, akapiga simu idara ya afya ya jiji. Wakati huohuo kunguru walikuwa wanaanguka mitaani, na kwenye zuu ya Bronx daktari wa kupima mizoga ya wanyama, Tracey McNamara, akawa anapokea kunguru na mpaka ndege wa zuu yenyewe, heroe wakiwemo, ubongo wao umeharibika. Wakubwa walikuwa wameshasema ni ugonjwa mwingine wa mbu unaoitwa St. Louis, yeye akawa anajiuliza, huo kwa kawaida hauui ndege, sasa hawa wanakufa na nini? Na kuna ugonjwa mwingine wa farasi ambao ungeua emu (wale ndege wakubwa kama mbuni) kwanza, na emu wake wazima kabisa. Akang'ang'ania mpaka sampuli zikapimwa upya, Septemba ikajulikana ni West Nile. Mwaka ule waliougua wakathibitishwa walikuwa 62, wakafa 7. Miaka kama mitano baadaye kirusi kimeshavuka nchi nzima mpaka pwani ya Pasifiki.

Sisi tunasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Kule New York hakuwahi kukimbia, alianguka wa kwanza, na wangemsikiliza mapema pengine wangejua mapema. Mi hiyo habari kila nikiikumbuka inaniuma.

Sasa nieleze kwanini donati na siyo kufukuza ndege, maana nilipouliza kwenye grupu letu watu watatu waliniambia vunja beseni, acha kulisha ndege, yameisha. Hapana. Inavyoenda ni hivi, mbu anamuuma ndege mwenye kirusi, kwenye damu ya ndege kirusi kinazaana sana kwa siku chache, mbu mwingine anakuja ananyonya, siku kadhaa baadae huyo mbu nae ana uwezo wa kuambukiza, anauma ndege mwingine na mwingine. Damu ya ndege ndo shamba. Binadamu na farasi tunaumia lakini kwenye damu yetu hakijai kiasi cha mbu kukichukua, kikifika kwetu kimefika mwisho wa njia. Kwahiyo ukimuona mgonjwa usimkimbie, haambukizi mbu.

Halafu ndege wenyewe hawafanani. Blujei, kunguru, greko, shomoro na yule mdogo mwenye kifua chekundu anayeitwa fichi, hao kirusi kinajaa kweli kwenye damu. Kunguru wa huku walipoambukizwa maabara karibu wote walikufa. Njiwa wa mjini kinapanda kidogo tu. Na kuku ndo kabisa, kuna majimbo kama California na Florida wanaweka kuku nje kwenye vizimba wanawatoa damu kila baada ya muda kuangalia kama mbu wa eneo lile wana kirusi, kuku mwenyewe haugui, wala mbu hapati kirusi kwake. Kuku mlinzi wa mtaa! Mama hiyo aliipenda mno.

Nyingine iliyonishangaza ni robini, yule ndege wa kifua cha rangi ya chungwa anayerukaruka kwenye majani asubuhi. Mbu wa Culex, aina inayosambaza hiki kirusi, kule mashariki wanampenda kuliko wengi, na watafiti waliona mwishoni mwa kiangazi robini wakimaliza kulea na kutawanyika, mbu wanageukia watu, na ndo kipindi hichohicho wagonjwa wanapanda. Atlanta nako wakaona baada ya robini mbu wanahamia kwa kadinali, yule mwekundu mwenye kishungi, na kadinali kirusi hakisitawi kwake, kwahiyo anakuwa kama kizuizi. Sasa mtu ananiambia fukuza ndege wote uani. Nimfukuze na kadinali? Mbu akikosa ndege wa kumuuma atamuuma nani pale barazani?

Kwahiyo nikaamua adui ni mbu, na mbu namkamata akiwa bado hajaota mbawa.

Ila nikiri kwanza nilipotea njia. Mwezi wa nne mwanzoni niliita watu wa kupulizia dawa uani, jina naliacha, dola 79 mara moja. Kijana alikuja na mashine mgongoni dakika kumi na tano akapulizia vichaka vyote akaweka kibendera akaondoka. Hakuuliza habari ya maji. Beseni la ndege alipita pembeni yake, mfereji wa paa uliojaa majani hakuinua macho. Siku ya tatu nikakuta nyuki kumi na kitu wamekufa chini ya mrehani wangu uliokuwa umechanua, nililia kwakweli maana ule mrehani mama ndo alinipandia. Na siku hiyohiyo kwenye beseni nikaona kitu kinaelea kama chembe ya masizi, urefu wa punje ndogo ya mchele. Nikakisukuma na kijiti, hakizami. Nikachukua miwani ya mama nikaangalia karibu, ni mayai yamesimama yamebanana kama mashua. Mashua moja mayai 100 mpaka 300. Dola 79 zimekwenda na mbu anazaa katikati ya ua.

Huyo ndo Culex, na aina ya hapa Dallas, quinquefasciatus, ni yuleyule wa Dar na Tanga, yule wa kwenye mashimo ya choo na mitaro ya maji machafu, anayeuma usiku na anayesambaza matende kwetu. Nilipojua hilo woga ukapungua kidogo, nikasema huyu namjua, nimekua nae. Anataka maji machafu yaliyotulia. Kule Makunduchi miaka ya 80 walimwaga vipande vya povu la plastiki kwenye mashimo ya choo vikafunika maji juu, mbu akakosa pa kutagia, na wakawapa watu dawa ya matende, na mambo yalibadilika kweli. Mimi beseni la ndege siwezi kulifunika na povu, ndege atakunywa wapi. Ndo nikafika kwenye donati.

Jaribio langu lilikuwa hivi. Ndoo mbili nyeupe, nikaweka maji na majani yaliyokatwa nikaacha siku tano mpaka ikanuka, maana Culex anafuata hiyo harufu, hata mitego ya watu wa kaunti ya kukamatia mbu wa kupimwa wanatumia maji ya nyasi zilizooza. Mashua za mayai zikaja kwenye ndoo zote mbili. Viluwiluwi walipototoka wakawa wamening'inia kichwa chini, mkia juu kwenye uso wa maji wanavuta hewa, ukipitisha kivuli cha mkono wote wanazama wanajinyonganyonga. Ndoo ya kulia nikaweka robo ya donati, ya kushoto nikaacha. Hiyo ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Asubuhi narudi kutoka zamu ya usiku sijavua hata viatu nikaenda kuangalia. Ya kushoto wanacheza kama kawaida. Ya kulia wengi wamelala chini, weupeweupe, nikapitisha kivuli, waliojongea walikuwa wachache tu. Jioni yake sikuona hata mmoja anayejongea. Ya kushoto nikaimwaga kwenye jua kali juu ya simenti kabla hawajawa mbu.

Inavyoua ni kwamba bakteria hawa wanatengeneza fuwele za protini, kiluwiluwi anakula kila kinachoelea, fuwele inayeyuka tumboni mwake ambako kuna ualkali mkali, inatoboa kuta za utumbo anakufa. Tumbo la ndege haliko hivyo, la mtu haliko hivyo, nyuki nae hapati kitu, ndo maana unaweza kuiweka kwenye maji ambayo ndege wanakunywa na kuoga. Greko wangu wanaoga mule mpaka maji yote yapo nje, na kila asubuhi wanarudi. Bti yenyewe iligunduliwa 1976 kwenye jangwa la Negev, na kwa wa nyumbani, kile kiwanda cha Kibaha kilichofunguliwa 2015 kwa ushirikiano na Wakyuba kinatengeneza dawa ya bakteria hawahawa, ya kumwaga kwenye madimbwi. Nilivyosoma hivyo nilifurahi sana, kitu nilichonunua dola 13 Texas kipo Pwani.

Sasa nyota moja niliyokata. Haiui mbu mkubwa, ukitegemea uweke leo kesho usiumwe utalaumu bure, mi tofauti niliiona baada ya wiki mbili na nusu hivi. Haiui pupa, ile hatua ya mwisho kama koma ndogo inayobingirika majini, kwasababu pupa hali chochote, kwahiyo ukikuta wameshafika hapo mwaga maji kwanza uanze upya. Pakiti inasema siku 30, ila beseni langu lipo juani na jua la hapa mwezi wa nane ni nyuzi 40, mi naona wiki ya tatu imeshalegea, nabadilisha siku ya 20. Inaelea inazungukazunguka, nimeifunga kwa uzi kupitia lile tundu kwenye jiwe. Kuna kuchakuro aliondoka na kipande, akarudi kesho yake mzima. Maelekezo ya nyuma maandishi yake madogo mno na ni Kiingereza na Kispanyola tu, mama asingeweza kusoma, kwahiyo kama una mzee nyumbani mweleze mwenyewe, na watoto pia maana inafanana na biskuti.

Na haikusaidii chochote kama maji ya jirani yapo wazi. Bakersfield, California mwaka 2007 watu walipokonywa nyumba na mabenki wakaacha mabwawa ya kuogelea yamegeuka kijani, na kaunti ile wagonjwa wa West Nile wakapanda asilimia 276. Huyu jirani yangu asiyekuwepo nilimpigia simu nikamuomba ruhusa, ana kibwawa cha mapambo kilichokufa pampu, akasema ingia tu. Siku nilipofunua yale majani sikutaka hata kuhesabu. Niliweka donati nzima, na kwa kweli nadhani ile moja ya kwa jirani ndo imefanya kazi kubwa kuliko zangu zote.

Wale wanaosema Dallas hakuna shida, mwaka 2012 kaunti hii peke yake walithibitishwa karibu watu 400, wakafa 19, mpaka wakarusha ndege za kupulizia dawa usiku, kitu ambacho hakikufanyika hapa toka 1966. Baridi ya mwaka ule ilikuwa nyepesi, kiangazi kikaja mapema na kikali. Watu wanadhani mbu ni mvua. Huyu wa kwetu anapenda ukame, mvua kubwa inaosha mitaro, ukame unaacha maji mazito yananuka chini ya barabara, na ndege nao wanabanana kwenye maji machache yaliyobaki.

Katikati ya mwezi wa nane niliokota blujei chini ya mpikani. Mzima wa mwili, hana jeraha, bawa moja limefunguka kidogo, ile buluu yake bado inang'aa, na sisimizi wameshaanza kwenye jicho. Sikumshika kwa mkono, niligeuza mfuko wa plastiki nikamchukua nao nikafunga mara mbili, nikaripoti. Hakupimwa. Lakini jioni ile mama nilimwambia leo tukae ndani, hakubishana, akakunja mkeka. Toka siku hiyo magharibi anapakaa dawa ya kufukuza mbu miguuni na mikononi ndo anatoka, na soksi. Donati peke yake sikuiachia kazi yote na wewe usiiachie.

Kununua tena? Nimeshanunua, pakiti ya pili na ya tatu. Mama anarudi Tanga mwezi wa kumi, juzi kanikuta navunja robo ya kubadilisha, akasimama kwanza anaangalia.

"Hii inafanya kazi hata shimo la maji ya bafuni?"

"Inafanya mama, ila maji machafu sana inaisha haraka, na nyumbani ipo ya Kibaha."

"Ya Kibaha nitaitafuta. We niwekee mbili hizo nianze nazo."

Nimemwekea nne, zipo kwenye sanduku lake chini ya vitenge.